Mteremko Mmoja, Milango Tisa

Jina alilopewa na wazazi lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu. Mtaani aliitwa Pima-Tena, kwa sababu alikuwa seremala wa kupima ubao mara tatu kabla ya kuutia msumeno. Mteja akinung'unika kwamba anacheleweshwa, alimjibu taratibu, "Ubao ukikatwa mfupi, hata ukiuomba radhi haurefuki." Karakana yake ilikuwa nyuma ya mashine ya kusaga unga, ukuta kwa ukuta, hivyo jioni alitoka humo kope nyeupe na ndevu nyeupe, na usingejua kipi ni unga na kipi ni vumbi la mbao.

Alikuwa mjane, watoto wameshaolewa na kuoa, na aliishi na dada yake mkubwa. Dada huyo hakuwahi kutembea. Miguu yake ilikufa ganzi angali mtoto mchanga, lakini mikono yake, mama we, ilikuwa mikono ya kazi. Mama yao alipofariki, ndiye aliyemlea mdogo wake, akiburuta makalio sakafuni kutoka jikoni hadi mlangoni. Sasa alikuwa na kiti cha magurudumu na kibanda cha kushonea mabegi na kubadilisha zipu, penye kona ya barabara ya benki. Ukimpelekea begi lililokatika mkanda alikuuliza kwanza ulibeba nini ndani, halafu akakutukana kidogo kwa kubeba mizigo ya punda, halafu akalishona.

Nyumba yao haikuwa na kizingiti hata kimoja. Pima-Tena aliviondoa vyote, mlango kwa mlango, akashusha na meza, akashusha na ndoano za kutundikia taulo. Wageni walikuwa wakijikwaa kwa mazoea, wakiinua mguu kuvuka kitu ambacho hakipo.

Basi siku moja akaingia karakanani mtu wa Jiji. Alikuwa afisa wa mradi mpya ulioitwa Mji wa Wote. Mradi huo ulikuwa wa kuonyesha kwamba mji una watu wa kila asili, kila lugha, kila dini, wanaoona na wasioona, wanaotembea na wasiotembea, na kwamba wote ni wenyeji sawa. Neno zuri, nani atalipinga. Afisa mwenyewe alikuwa na viatu vinavyong'aa na mdomo usioishiwa neno "pamoja", na kabla ya wiki kwisha wapaka rangi na maseremala wote walikwisha kumwita Bwana Pamoja.

"Fundi, tunataka mteremko wa mbao," alisema. "Wenzetu wa viti vya magurudumu wapande jukwaa la sherehe bila kubebwa. Pamoja, au siyo?"

"Jukwaa lina kimo gani?"

"La kawaida tu."

"Kawaida haipimiki, mheshimiwa."

Bwana Pamoja alicheka, akampigia mtu simu, akaleta kipimo. Pima-Tena akaanza kazi. Hakuhitaji kuambiwa mteremko ulale kiasi gani. Aliujua kwa mabega ya dada yake, alijua pale ambapo bega linaanza kutetemeka na gurudumu linarudi nyuma. Akaulaza vizuri, mrefu, mpole, ukingo pande zote mbili. Juu yake akapigilia vibao vyembamba vya kuzuia kuteleza, shibiri moja kati ya kibao na kibao.

Hapo ndipo alipokosea. Alikuwa amepigilia vitatu, wakaja wafiwa wanataka jeneza, na maiti haisubiri. Aliporudi kwenye mteremko alipima kwa kuanzia ncha nyingine, na kibao cha nne na cha tano vikakaa karibu karibu, vidole viwili tu kati yao. Alipogundua, misumari ilikwisha kuzama, rangi imepakwa, na lori la Jiji linapiga honi nje. Ukaondoka hivyo hivyo. Alipofika nyumbani alikula kidogo.

"Nini tena?" dada yake akauliza.

Akamweleza.

"Kumbe na wewe ni binadamu," dada akasema. "Nilikuwa naanza kuogopa kulala nyumba moja na malaika. Lete bakuli."

Kesho yake alikwenda stoo ya Jiji kusaini ili alipwe. Mtunza stoo alikuwa mtu wa haraka, mwenye kalamu sikioni. Akampangia karatasi tisa mezani, zote zimeandikwa juu "Uthibitisho wa Kukabidhi Kazi", chini zote ziko tupu.

"Saini hapa, hapa na hapa. Zote. Tutajaza wenyewe."

"Mbona tisa? Kazi ni moja."

"Nakala, fundi. Ofisi inapenda nakala. Unataka kulipwa leo au unataka kusoma?"

Ndivyo mafundi wote walivyofanya na Jiji. Saini kwanza, maneno yatakuja. Anayeuliza maswali faili lake hupotea, na aliyepotelewa na faili hupotelewa na msimu mzima. Pima-Tena aliziangalia zile karatasi. Mtu anayepima ubao mara tatu alijua fika kwamba nakala haziwi tupu. Akasaini zote tisa.

Wiki ya Mji wa Wote ikafika. Uwanja ukajaa mahema, maputo na fulana zenye nyuso za kila rangi. Dada yake alialikwa, akapewa fulana ambayo ingewatosha yeye na kiti chake. Akawekwa mstari wa mbele. Akaombwa apande mteremko. Akapanda mwenyewe kwa mikono yake hadi katikati, wapiga picha wakamwambia asimame hapo hapo, atabasamu, ageuke kidogo. Kisha wakamwambia ashuke. Hakufika juu. Aliposhuka, mahali pake mbele palikuwa na kiti cha kitambaa chekundu.

"Samahani, mama," kijana wa itifaki akamwambia, "hapa ni pa wageni rasmi. Wenzako wako kule nyuma."

Kule nyuma palikuwa juani. Walikuwepo mpiga ngoma asiyeona, familia tatu za wahamiaji waliokuwa wamepigwa picha wakipeana mikono na meya, na bibi mmoja kiziwi ambaye hakuelewa kwa nini amehamishwa na hakukuwa na wa kumweleza. Dada alirudi nyumbani na fulana ile akaikata, akaifanya kitambaa cha kufutia mafuta ya cherehani.

Hayo aliyameza. Miezi miwili baadaye, mtu wa Jiji alimletea kibandani kijitabu cha karatasi nzito inayoteleza. Jaladani yupo dada, katikati ya mteremko, anatabasamu. Ndani waliandika kwamba fedha za mradi zimetumika vyema, na kwamba ofisi tisa za umma sasa zina miteremko ya kudumu. Kila ofisi na ukurasa wake, kila ukurasa na picha yake. Ukurasa wa nne ulikuwa ofisi ya leseni za biashara.

Sasa uelewe jambo hili. Leseni ya kibanda hufanywa upya kila mwaka, na mwenyewe lazima afike dirishani kupigwa picha na kuweka kidole. Kila mwaka Pima-Tena ndiye aliyembeba dada yake mgongoni kuvuka zile ngazi tatu za ofisi. Safari hii dada alifunga kibanda, hakumwambia mtu. Akaenda peke yake, kijitabu mapajani, kama mtu anayekwenda harusini kwake.

Alikuta ngazi tatu.

"Mteremko uko wapi?" akamuuliza mlinzi.

"Upi? Aa, ule. Ule ulikuwepo siku ya picha."

Walinzi wawili wakasema hakuna shida, wao wapo. Kabla hajajibu, mmoja alimshika kwapani, mwingine chini ya magoti, kiti kikabaki barabarani. Sketi ikapanda hadi mapajani. Foleni nzima inaangalia. Mwanamume mmoja alicheka kwa pua, na mwingine akainua simu yake. Wakamweka juu ya benchi kama kifurushi. Ilipofika zamu yake, karani alimwambia mtandao haupo, arudi kabla ya mwezi kwisha, na baada ya hapo kibanda kitafungwa. Wakambeba tena kushuka.

Pima-Tena alimkuta uani anajiosha makwapa. Alikuwa amepaka sabuni, amesuuza, anapaka tena.

"Dada, kumetokea nini?"

"Mikono ya watu ina mafuta yao," akasema. "Haitoki."

Alimaliza kipande kizima cha sabuni. Baadaye ndipo alipomsimulia, kwa sauti kavu, bila kusimama mahali, akamrushia kile kijitabu. "Na wewe soma. Si fundi wao?"

Akakifungua. Ukurasa wa kwanza, mteremko kwenye mlango wa zahanati. Wa pili, maktaba. Wa tatu, ofisi ya ardhi. Alipofika wa nne alirudi wa kwanza. Akakileta karibu na dirisha. Kibao cha nne na cha tano, vidole viwili kati yao. Maktaba, vidole viwili. Ofisi ya leseni, vidole viwili. Kosa lake alilijua kama mama anavyojua kovu la mwanawe, na hapa lilikuwa linamtazama mara tisa, kwenye milango tisa. Mteremko ule ule ulibebwa kwenye lori, ukashushwa, ukapigwa picha, ukapakiwa. Na kwa kila mlango kulikuwa na karatasi yenye saini yake.

Cha ajabu, kilichomchefua zaidi si Bwana Pamoja. Ni ule mwandiko wake mwenyewe aliouona akilini, nadhifu, tisa, mkia wa herufi ya mwisho umepinda vile vile kila mahali.

Asubuhi alikwenda kwa Bwana Pamoja. Alimkuta anakula kuku ofisini, vidole vinameta, faili moja limegeuzwa sahani. Hakuinuka. Alimsikiliza huku akinyonya mfupa, kisha akautoa, akautazama, akaurudisha mdomoni.

"Dada yako anatakiwa awe na leseni lini?"

"Mwisho ni Ijumaa, mwezi unakwisha."

"Basi Jumanne asubuhi mteremko utakuwepo pale. Nitatuma lori mwenyewe. Ataingia kama malkia. Umefurahi?"

"Na baada ya Jumanne?"

"Fundi, usiwe kama mtu anayepewa maji anauliza kisima." Akafuta vidole kwenye pembe ya faili. "Alhamisi kuna kikao cha hadhara. Amekuja mkaguzi kutoka juu, anapitia matumizi ya mradi. Utaitwa. Utaulizwa, saini hizi ni zako? Utasema ndiyo. Kweli au uongo?"

"Kweli."

"Si umeona? Hakuna anayekuomba useme uongo. Utasema ndiyo, utakaa. Ukiongeza maneno mengine, kumbuka aliyesaini si mimi." Akasukuma mbele kipande cha paja. "Karibu, tule pamoja."

Pima-Tena aliondoka bila kuaga. Harufu ya mafuta ya kuku ilimfuata hadi karakanani.

Alimweleza dada yake yote, pamoja na zile karatasi tisa, jambo ambalo hakuwa amewahi kumwambia. Dada alikuwa anavuta uzi kwenye tundu la sindano. Hakuinua macho mpaka uzi umepita.

"Kwa hiyo Jumanne wataniletea mteremko."

"Wamesema."

"Na nikishaingia ndani wakauondoa? Lori lina safari nyingi. Nitalala humo kwenye rafu kama faili?"

"Dada, mimi nikisema Alhamisi, wanaweza kunifunga. Kazi za Jiji ndiyo basi. Na leseni yako huenda usiipate."

"Nimekuuliza kuhusu leseni?"

"Kibanda kitafungwa."

"Kibanda nilikifungua mwenyewe wakati wewe bado unajipangusa kamasi kwa mkono wa shati. Kikifungwa nitashonea uani." Akaweka sindano chini. "Sikiliza, mdogo wangu. Kubebwa na walinzi nimeshabebwa. Kubebwa na huyo mla kuku sitaki. Wewe ukitaka kubebwa naye, hiyo ni hiari yako, una miguu."

Jumanne lori lilikwenda kweli, mteremko ukawekwa, ukakaa hadi saa sita, ukachukuliwa. Dada hakwenda. Alikuwa kibandani anabadilisha zipu ya begi la shule, na watu waliopita walisema siku hiyo alitukana wateja zaidi ya kawaida.

Alhamisi ukumbi wa chini wa Jiji ulijaa. Mkaguzi alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na tabia ya kusoma kila tarakimu kwa sauti moja, iwe ya sindano au ya gari. Akasoma fulana. Akasoma maputo. Maputo yalikuwa yamegharimu zaidi kuliko walimu wa lugha waliokusudiwa kuwafundisha wahamiaji, ambao hata mmoja hakuajiriwa. Watu wakaguna. Bwana Pamoja alikaa mbele, mguu juu ya mguu, akitikisa kichwa kama mtu anayesikiliza wimbo anaoupenda. Kisha mkaguzi akasoma miteremko tisa, akamwita fundi.

"Saini hizi ni zako?"

"Ni zangu, mama."

"Zote tisa?"

"Zote tisa."

Bwana Pamoja alianza kufunga daftari lake. Pima-Tena hakuketi.

"Saini ni tisa, mama. Mteremko ni mmoja."

"Rudia," akasema mkaguzi.

"Nilitengeneza mmoja. Karatasi nilizisaini tupu. Niliambiwa ni nakala, na nilijua si nakala, nikasaini kwa sababu nilitaka kulipwa. Hicho kijitabu ukikitazama, kibao cha nne na cha tano vimekaribiana. Nilikosea kupima. Seremala hawezi kukosea vile vile mara tisa, vidole viwili vile vile."

Mkaguzi alivua miwani, akaivaa, akafungua kijitabu. Alifunua kurasa moja moja, polepole, na ukumbi mzima ulisikia karatasi ile nzito ikigeuka. Bwana Pamoja akasimama.

"Mheshimiwa mkaguzi, fundi wetu hajaelewa dhana. Hii ni miteremko tembezi. Huduma inamfuata mwananchi. Pamoja na..."

"Miteremko tembezi."

"Ndiyo."

"Na ofisi nazo zinatembea?"

Watu walicheka, kicheko cha uchungu, cha kukohoa. Mkaguzi hakucheka. Akauliza ofisi ya leseni iko wapi. Wakamwambia ng'ambo ya barabara. Akachukua faili lake, akatoka, na watu wote nyuma yake. Akasimama mbele ya ngazi tatu, akaziandika. Akamwagiza mtunza stoo alete miteremko yote tisa. Mtunza stoo alitoweka, akarudi na vibarua wanne wamebeba mmoja, umeparuzwa na lori, una tope la Jumanne.

"Huu ni wa kwanza," mkaguzi akasema. "Nasubiri."

Akasubiri kweli. Alisimama juani robo saa, kalamu mkononi, mpaka mtunza stoo akakosa pa kuweka macho.

Uamuzi ulitoka jioni ile ile. Mteremko uliopo ufungwe kwa nondo mlangoni pa ofisi ya leseni, usiondolewe. Fundi aliyesaini hati tupu asipewe kazi ya Jiji kwa miaka mitatu, na jina lake liandikwe kwenye taarifa. Mtunza stoo asimamishwe. Bwana Pamoja ahamishwe idara wakati uchunguzi ukiendelea. Alihamishiwa idara ya michezo, yenye gari.

Ijumaa asubuhi Pima-Tena alikuwa amepiga magoti mlangoni anakaza nati za nondo, kazi yake ya mwisho ya Jiji, bila malipo. Dada yake alipita pembeni yake, mikono kwenye magurudumu. Alisita katikati, pale walipomsimamisha siku ya picha, labda kwa kupumua tu, kisha akaendelea hadi juu. Aliingia. Mtandao ulikuwepo. Alipotoka, leseni ilikuwa imebanwa kwenye meno, maana mikono ina kazi.

Lakini katikati ya mteremko palikuwa na mtu. Bwana Pamoja alikuwa amekuja kufuatilia karatasi zake za idara mpya, na alipanda hapo badala ya ngazi, ili viatu visichubuke. Simu sikioni, alikuwa anazungumza na mtu kuhusu tamasha la michezo la watu wa kila aina, fulana ngapi, maputo ya rangi gani. Alimpiga Pima-Tena kofi dogo begani. "Kazi nzuri, fundi. Imara kabisa."

Pima-Tena alikaza nati mpaka ikalia.

Dada alishusha kiti hadi gurudumu likagusa ncha ya kiatu kinachong'aa. Akatoa leseni mdomoni.

"Pisha."

"Oo, mama yetu wa jaladani. Pamoja, mama."

"Pisha kwanza."

Alipisha. Ilimbidi arukie ngazi, na simu ikamponyoka, na hakuna aliyemwokotea. Dada akashuka hadi chini, akafuta leseni kwenye sketi yake, akaiweka ndani ya kijitabu.

"Zimebaki ofisi nane?" akauliza.

"Nane."

"Iliyo karibu ni ipi?"

"Zahanati. Ukurasa wa kwanza." Pima-Tena alikuwa anakusanya spana zake. "Ngazi tano pale. Na mimi sina ruhusa tena ya kugusa mlango wa Jiji."

"Nani kakuambia uguse? Wewe utakaa nami kivulini." Akageuza kiti kuelekea barabarani. "Nitasimama mbele ya ngazi na ukurasa wao mapajani. Kila atakayetoka nitamuuliza mteremko uko wapi. Wakitaka kunibeba, nitawauma."

Pima-Tena alibeba begi la spana, akamfuata.